Tupeni Zile Kompyuta Tatu

Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilimaliza UE nikapanda basi kwenda nyumbani Nyakakika, wilaya ya Karagwe, nikiwa najiona fundi mkubwa. Baba yangu mdogo ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kijijini kwetu. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa ileile. Mkulima anashusha gunia la kahawa ya maganda, mpimaji anasoma kilo kwa sauti, katibu anaandika kwenye daftari kubwa lenye jalada jeusi, mkulima anapewa stakabadhi anaondoka. Jioni baba mdogo anakaa kibarazani na kikokotoo cha simu, anajumlisha kurasa moja moja mpaka giza linaingia.

Nilimwonea huruma. Nikiwa chuoni nilikuwa nimemtengenezea mfumo mdogo: jina la mkulima, tarehe, kilo, jumla. Anaingiza kwa simu palepale kwenye mizani na hesabu inajifanya yenyewe. Mfumo wenyewe niliuweka kwenye wingu la kampuni moja ya nje ambayo sitaitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lao. Kuusimika kulichukua muda mfupi kuliko kuivisha ndizi. Unafungua ukurasa, unachagua kanda, unachagua ukubwa wa mashine, unachagua mfumo endeshi, unabonyeza kitufe. Kaduara kanazunguka, kanageuka kijani, basi. Seva iko hewani. Nilijipiga picha na ile dashibodi nikaiweka status.

Wiki ya kwanza baba mdogo aliandika kote kuwili, kwenye simu na kwenye daftari. Wiki ya pili nikamwambia aache daftari. Nakumbuka maneno yangu vizuri kwa sababu sasa yananiuma: "Baba, hayo ni mambo ya zamani. Hii ipo kwenye wingu, haipotei."

Mwezi wa nane nikiwa fildi Mwanza, simu ikalia. Ukurasa haufunguki. Nikasema labda bando limeisha, labda mtandao. Nikajaribu mwenyewe, haufunguki. Nikaingia kwenye barua pepe niliyojisajilia, ile ya chuo ambayo huwa naifungua kutafuta matokeo tu, nikakuta maonyo yamepangana. Ofa ya majaribio inakaribia kwisha. Ofa imekwisha. Weka kadi ya benki. Mashine imesimamishwa. Na ya mwisho: mashine na diski yake vimefutwa kwa mujibu wa masharti uliyoyakubali. Kweli niliyakubali. Niliweka tiki bila kusoma, kama wewe unavyoweka.

Siku kumi na tisa za mizani zilikuwa zimekwenda. Baba mdogo hakunifokea. Aliniuliza tu, taratibu: "Sasa mwanangu, hilo wingu lenu limekwenda kunyeshea wapi kahawa ya watu?"

Niliomba ruhusa fildi, nikarudi Nyakakika. Mimi na yeye tukazunguka kibanja kwa kibanja kukusanya stakabadhi. Wengi walikuwa nazo, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo. Wengine zililoa mfukoni, wengine watoto walizichezea. Kahawa yenyewe ilikuwepo ghalani na jumla yake ilijulikana, lakini ghala halisemi gunia lipi ni la nani. Mama mmoja mjane alisema alileta magunia matatu. Mpimaji alikumbuka mawili. Stakabadhi hana. Kamati ilikaa mpaka jioni, mwisho ikampa matatu, na gunia la tatu likatoka kwenye kahawa ya baba mdogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema litoke kwake.

Kwa wenzangu ambao hamjatoka Kagera, naomba niwaeleze kwa nini jambo hili si dogo. Kwetu kuna kitu kinaitwa butura. Ni kumuuzia mlanguzi kahawa ikiwa bado maua au ikiwa bado mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu una mgonjwa au ada ya mtoto na yeye ana fedha taslimu mkononi. Butura imekatazwa, imehubiriwa mikutanoni, na bado ipo. Hoja kubwa ya ushirika dhidi ya mlanguzi ni moja tu: subiri, leta kahawa yako kwetu, tutaiandika, utalipwa. Siku ushirika unaposema "hatuoni kilo zako kwenye mfumo", mlanguzi hana haja ya kubishana tena. Mimi, kijana wa chuo niliyesomeshwa kwa kahawa hiyohiyo, nilikaribia kumfanyia mlanguzi kampeni ya bure.

Nimekaa na jambo hili karibu miaka miwili kabla ya kuliandika hapa. Mwanzoni nilijilaumu kwa uzembe: ningesoma barua pepe, ningeweka kadi, ningechukua nakala. Yote ni kweli. Lakini nilipowauliza wenzangu darasani maswali matatu, nikaona ugonjwa si wangu peke yangu. Mradi wako uko kwenye diski gani, na iko nchi gani? Ikifa leo, nakala iko wapi? Nani anailipia mwezi ujao? Watu wenye alama A kwenye somo la mifumo waliniangalia kama nimewauliza jina la bibi yake mhadhiri. Tunajua kubonyeza. Kilicho nyuma ya kitufe hatukijui, na tunahitimu hivyohivyo.

Nikisema hivi silaumu walimu. Mwalimu mwenye darasa la watu mia mbili na projekta moja ataonyesha picha za skrini, atafanya nini kingine? Ninacholaumu ni kitu ambacho kinaweza kubadilika mwaka huu, tena kwa gharama ndogo. Hoja yangu ni kwamba chuo chetu kiwape wanafunzi wingu dogo la kwao, nodi tatu tu, walisimike wenyewe, waliharibu na walitengeneze wenyewe. Na serikali yetu ya wanafunzi ndiyo iliyo na wajibu wa kulidai.

Tuanze na wingu lenyewe, maana jina limetupoteza wengi. Wingu ni kompyuta za mtu mwingine, zimepangwa kwenye chumba chenye baridi, zina umeme wa akiba na mlinzi mlangoni. Kila moja ya kompyuta hizo ni nodi. Juu ya nodi inakaa programu inayogawa kompyuta moja halisi kuwa mashine pepe nyingi, kila moja ikidhani iko peke yake. Na juu ya yote unakuja ule ukurasa wa vitufe tunaoupiga picha. Ukibonyeza "simika", ukurasa haufanyi kazi yoyote. Unatuma maombi tu. Mahali fulani nodi moja inatafutwa iliyo na nafasi, inakatiwa kipande cha kumbukumbu, kipande cha diski na anwani ya mtandao, ndipo ile rangi ya kijani inakuja.

Na vyumba hivyo vina anwani. Microsoft ilifungua vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, Google Johannesburg mwaka 2024. Ukichagua "kanda" iliyo karibu na sisi kwenye kurasa za makampuni hayo, mara nyingi unachagua huko, au unachagua Ulaya. Maana yake kilo za kahawa zilizopimwa Nyakakika zinashuka mpaka pwani, zinaingia kwenye kebo chini ya bahari, zinakwenda kulala nchi nyingine, na kila baba mdogo akitaka kuziona zinarudi njia ileile. Tarehe 12 Mei 2024 tuliona wote maana yake. Kebo mbili, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu kwa pamoja na intaneti ya Tanzania ikawa ya kuomba. Mliokuwa chuoni siku zile mnakumbuka. Watu walikuwa na kazi zao kwenye wingu, na wingu lilikuwepo salama kabisa kule liliko, ila njia ya kulifikia ndiyo haikuwepo.

Msinielewe vibaya, sisemi tujifungie. Makampuni hayo yana huduma nzuri na wengi wetu tutaajiriwa kuzitumia. Na nchi yetu nayo haiko mikono mitupu. Kituo cha taifa cha data kipo Kijitonyama, Dar es Salaam, chini ya TTCL. Vyuo vyetu vina TERNET, mtandao wa elimu na utafiti. Kwa jirani, KENET ya Kenya huwapa vyuo wanachama wake seva pepe. Tuna hata sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo inataka mtu anayekusanya taarifa za watu ajue anaziweka wapi na anazilindaje. Baba mdogo alipoingiza majina na kilo za wanachama wake kwenye mfumo wangu, mimi ndiye niliyekuwa na wajibu huo, na jibu langu lingekuwa: ziko kwenye wingu, mheshimiwa. Hebu fikiria kujibu hivyo mbele ya tume.

Sasa kwa nini nodi tatu, si moja wala mbili? Hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko mihula miwili ya darasani. Baada ya aibu ya Nyakakika, mimi na wenzangu wawili tulichanga kutoka kwenye boom, tukaenda Kariakoo tukanunua kompyuta tatu za mtumba, za mezani, kila moja na kumbukumbu ya GB 8, na swichi ndogo ya mtandao. Zote tatu kwa pamoja hazikufika bei ya simu nzuri. Tukaweka Proxmox, mfumo huria unaotoka Austria ambao ulianza mwaka 2008 na unapakuliwa bure. Usiku wa kwanza tuliweka mbili tu kwa sababu ya tatu ilikataa kuwaka. Kwenye dashibodi zote mbili zikatokea, zikaungana, tukashangilia. Kisha mwenzetu mmoja, kwa utundu wake, akachomoa waya uliokuwa kati yao.

Ninyi mnaohudhuria bunge la wanafunzi mtanielewa haraka. Neno ni akidi. Nodi mbili zikitenganishwa, kila moja inaona mwenzake kimya, na haiwezi kujua kama mwenzake amekufa au waya ndio umekatika. Kila moja ikijitangaza kuwa ndiyo iliyobaki na kuanza kuandika kwenye data ileile, mnakuwa na serikali mbili zinazotoa matangazo mawili, na daftari moja linaandikwa na makatibu wawili wasioonana. Kwa hiyo mfumo umewekewa kanuni kama ya bunge letu: bila zaidi ya nusu ya wajumbe hakuna kikao. Katika wawili, zaidi ya nusu ni wote wawili, basi akitoka mmoja shughuli inasimama. Katika watatu, zaidi ya nusu ni wawili, kwa hiyo akitoka mmoja waliobaki wanaendelea kihalali.

Siku ya pili tukapata kebo ya umeme nzuri, ya tatu ikawaka. Tukaweka nakala ya mfumo wa kahawa kwenye nodi ya kwanza, tukaiambia hifadhi ijinakili kwenye nodi nyingine kila baada ya dakika chache, kisha tukachomoa umeme wa nodi ya kwanza kwa makusudi. Kwenye dashibodi ikawa nyekundu. Tukakaa kimya tukiangalia saa. Baada ya dakika kama mbili mfumo wa kahawa ukaamka kwenye nodi ya pili, na kilo zilikuwepo. Kiukweli nilitamani baba mdogo awepo pale. Tukachomoa na ya pili. Nodi ya tatu iliyobaki ikagoma: haina akidi, haifanyi kitu. Mwanzo tuliiona kama ubovu. Kumbe ni adabu, kwa kuwa mashine isiyojua ukweli imekatazwa kuandika.

Katika wiki zile tulijifunza pia mambo ambayo hakuna kitufe kinachoyaonyesha. Kwamba nakala inayojinakili kila dakika chache si nakala ya akiba, maana ukifuta kitu kwa makosa, na kufuta nako kunanakiliwa. Tulifuta jedwali zima la wakulima wa majaribio ndipo tukaamini. Kwamba saa za nodi zikipishana, nodi zinaanza kugombana. Kwamba diski ya mtumba hutoa dalili kabla ya kufa, ukijua pa kuangalia. Kwamba nywila ya msimamizi ikijulikana na watu watatu, siku ya tatizo hakuna aliyefanya. Kila moja ya hayo lilitukuta saa nane za usiku, na hakuna hata mmoja wetu atakayelisahau.

Halafu mradi ukafa. Mashine zilikuwa chumbani hosteli, na msimamizi wa hosteli akaona waya nyingi, akasema hairuhusiwi vyombo vya umeme. Alikuwa na haki yake, chumba cha kulala si mahali pa seva. Mbili tukaziuza, moja iko chini ya kitanda changu mpaka leo. Lakini siku tunazishusha ngazi, tulipita nyuma ya maabara ya zamani, na kupitia dirishani tuliona kitu ambacho wengi wenu mmekiona: kompyuta zimerundikwa mpaka usawa wa dirisha, zinasubiri kikao cha kuziondoa kwenye orodha ya mali. Zipo nzuri kuliko zile zetu za Kariakoo. Zinasubiri vumbi.

Ndiyo maana nasema ombi hili si kubwa. Mwaka 1994, Thomas Sterling na Donald Becker, wakifanya kazi NASA Marekani, waliunganisha kompyuta 16 za kawaida kwa nyaya za kawaida za mtandao wakapata mashine moja yenye nguvu ya kufanya hesabu za kisayansi, wakaiita Beowulf. Vyuo vingi duniani vikaiga, hasa vile visivyokuwa na fedha ya kununua mashine kubwa. Mwaka 2010 NASA haohao na kampuni ya Rackspace walianzisha OpenStack, programu huria ya kuendesha wingu zima, yenye ukurasa wake wa vitufe, na kuanzia mwaka 2013 maabara ya CERN kule Geneva inaendesha wingu lake kwa programu hiyo. Nazitaja si kwa kujilinganisha nao. Nataka tu iwe wazi kwamba programu inayoendesha wingu la wanafizikia wa Ulaya na programu ninayotaka iwekwe kwenye kompyuta zetu za stoo zote zinapakuliwa bila kulipa. Tulichopungukiwa ni chumba, umeme na ruhusa.

Najua majibu yatakayotoka, nimekwisha kuyasikia. La kwanza: umeme utakatika. Utakatika, ndiyo. Mwanafunzi atakayehitimu hapa akaenda kusimika mfumo wa hospitali Kyerwa au halmashauri Karagwe, umeme utamkatikia kule pia, na huko kutakuwa na wagonjwa. Bora umkatikie kwanza hapa, ajifunze kuzima nodi kwa utaratibu UPS ikiwa bado na dakika kumi.

La pili: wanafunzi wataharibu. Wataharibu, na ndiyo kazi ya maabara. Hakuna mtu anayemkataza mwanafunzi wa udaktari asiguse maiti kwa kuogopa kuiharibu. Wingu hili halitagusa matokeo, malipo wala mfumo wowote wa chuo. Litakuwa na mtandao wake, litaanza na nodi tatu, na likifa litasimikwa upya Jumamosi.

La tatu ndilo zito, na lilitoka kwa rafiki yangu wa darasani ambaye ana akili kunizidi: soko la ajira linataka vyeti vya makampuni makubwa, hakuna anayeuliza kama unajua kuchomoa waya. Nilifikiri sana kabla ya kumjibu. Ni kweli mwajiri anauliza cheti. Lakini kwenye kurasa za makampuni hayo vitufe huhamishwa kila mara, majina ya huduma hubadilika, na cheti chenyewe kina tarehe ya mwisho. Akidi haibadiliki. Maswali ya diski iko wapi, nakala iko wapi na nani analipa hayabadiliki. Aliyesimika wingu lake akaliona likifa, akienda kwenye lile la kampuni atajua ni kitu gani hasa anakodi, na atasoma masharti kabla ya kuweka tiki. Nina ushahidi wa kilichompata asiyejua. Alilipiwa na baba yake mdogo gunia la kahawa.

Basi ombi langu kwa Waziri wa Elimu wa serikali yetu ya wanafunzi na kwa wabunge wote, kabla ya bajeti ya mwaka huu kufungwa, ni haya. Tuandike barua kwa uongozi wa chuo kuomba kompyuta tatu, narudia tatu, kutoka kwenye lile rundo kabla halijauzwa kwa mnada. Tuombe kona moja ya maabara yenye mlango unaofungwa na soketi zinazofanya kazi. Tutenge kutoka mfuko wetu fedha ya swichi moja, UPS moja na diski tatu mpya, kwa kuwa diski ndicho kitu pekee nisichokushauri kutumia cha mtumba. Tuunde kamati ya wasimamizi ya wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu, kila mmoja na nywila yake mwenyewe, mwaka wa tatu wakikabidhi kwa mwaka wa pili kwa maandishi kila Juni. Na mwanafunzi yeyote wa fani yoyote, si wa kompyuta tu, awe na haki ya kuomba mashine pepe moja ya mradi wake. Yule wa kilimo mwenye takwimu za mnyauko wa migomba anaihitaji kuliko mimi.

Na sharti moja niliongeze kwa uchungu: kila mradi unaotumiwa na watu wa nje, wakulima, zahanati, shule, usiruhusiwe hewani mpaka mwenye mradi aandike ukurasa mmoja unaojibu yale maswali matatu. Ukurasa mmoja tu. Mimi ningeshindwa swali la kwanza, na ingekuwa heri nishindwe hapa kuliko kule.

Mtauliza, na kule Nyakakika ikawaje? Msimu uliofuata nilirudi na mfumo ule ukiwa tofauti. Unakaa kwenye laptopu ya zamani ndani ya ofisi ya chama, unafanya kazi hata intaneti isipokuwepo, na kila jioni baba mdogo anachomeka flashi, anabonyeza kitufe kimoja, nakala inaingia, flashi inakwenda kulala nyumbani kwa mweka hazina. Mtandao ukipatikana, nakala nyingine inakwenda kwenye seva ya kukodi ambayo naifahamu ilipo na ambayo chama kinailipia chenyewe. Ni nodi tatu za kimaskini, lakini nikiulizwa kilo ziko wapi naweza kunyoosha kidole.

Na daftari jeusi limerudi mezani. Safari hii sikumwambia aache. Yule mama mjane alipoleta gunia lake la kwanza la msimu, alisimama akasubiri mpaka kilo zake ziandikwe kwenye daftari, akazisoma mwenyewe, kisha akaomba azione na kwenye skrini. Alisubiri tena mpaka stakabadhi ikatoka, akaikunja, akaifunga kwenye mfuko wake wa nailoni. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu. Hakuniambia kitu, na hakuwa na haja ya kuniambia.

Waheshimiwa wabunge, kompyuta zile ziko nyuma ya maabara ya zamani, dirisha la pili. Naomba kutoa hoja.